MAWE YENYE SURA YA MTU: NANI ALIYACHONGA?

Leo naomba tuongelee mawe. Najua wewe umekaa hapo kafe, dakika zinakatika, ulikuja kuangalia msimamo wa ligi na kujibu barua pepe mbili tatu, halafu mimi nakuletea habari za mawe. Vumilia kidogo basi. Hii stori inanihusu mwenyewe, na kama umekulia Mwanza kuna uwezekano mkubwa inakuhusu na wewe.

Mlimani kwetu kulikuwa na jiwe tuliloliita Bibi. Ukisimama kwenye goli la chini la kiwanja chetu cha chandimu, asubuhi kama saa tatu hivi, ulikuwa unamwona kabisa: bibi kizee amekaa chini, kajifunika kitenge kichwani, mgongo umepinda, kama anayepepeta mchele. Kichwa kilikuwa jiwe moja la mviringo. Mabega na mgongo jiwe jingine kubwa chini yake. Magoti yalikuwa mawe mawili madogo mbele. Sisi watoto tulikuwa tunampa shikamoo kabla ya mechi, na mtu akipaisha penalti alijitetea eti Bibi kamkonyeza.

Leo Bibi hayupo. Yumo ndani ya misingi ya nyumba za watu. Alipigwa nyundo mpaka akawa kokoto, na aliyempiga nyundo nitamsema huko mbele. Kwanza tumalize swali lililonisumbua toka utotoni: nani alimchonga?

Nikiwa darasa la tatu niliambiwa ni majitu ya zamani. Jirani yetu mmoja alishikilia kwamba ni Wajerumani walipanga yale mawe kwa winchi. Nilipofika sekondari mwalimu wa jiografia akaandika ubaoni neno "mmomonyoko", mistari minne chini yake, tukanakili, kengele ikalia, tukaenda zetu. Mtihani nikajibu, maksi nikapata, lakini nilikuwa sijaelewa kitu. Nimekuja kuelewa baada ya kumaliza shule, kwa kusoma mwenyewe hapa na pale. Kwa hiyo naandika kama mtu aliyechelewa kuelewa, siyo kama profesa.

JIWE HALIKUPANDA, UDONGO NDIO ULISHUKA

Kosa letu la kwanza ni kudhani yale mawe yaliletwa juu ya mlima. Ukiona jiwe kubwa limekaa juu ya jingine unajiuliza nani alilibeba. Jibu ni kwamba hakuna aliyelibeba. Lilikuwa pale pale siku zote. Kilichohama ni vile vilivyolizunguka.

Mawe ya Mwanza kwa sehemu kubwa ni graniti. Graniti huzaliwa chini sana ardhini, kilomita kadhaa, kutokana na mwamba ulioyeyuka na kupoa polepole. Hii ya kwetu ina umri wa kama miaka bilioni 2.5. Ziwa Victoria lenyewe ni mtoto mdogo mbele yake, maana umri wa ziwa hukadiriwa kuwa kama miaka laki 4 tu.

Sasa, kwa miaka hiyo yote miamba iliyokuwa juu ya graniti ikawa inaliwa na kuondoka kidogo kidogo. Uzito ukapungua. Umeona godoro linavyoinuka mtu mnene akiamka? Mwamba nao, mzigo ukiondoka, hutanuka kidogo. Ila mwamba siyo sponji, ukitanuka hupasuka. Zinapatikana nyufa, nyingine za kusimama, nyingine za kulala, na mwamba mzima unagawanyika kama matofali yaliyopangwa. Haya yote yanatokea bado ukiwa umefunikwa na udongo.

Hapo ndipo fundi mwenyewe anaingia, naye ni maji. Mvua ikipita hewani na kwenye udongo huchukua hewa ya kaboni, inakuwa na ukali fulani, mdogo kuliko wa soda unayokunywa. Hayo maji yanazama kwenye nyufa na kukaa humo. Graniti ina punje za aina kadhaa: zile za rangi ya maziwa au waridi zinaitwa felspa, zile zinazong'aa kama chupa ni kwatzi, na zile nyeusi zinazometameta mara nyingi ni mika. Felspa ikikaa na maji hayo muda mrefu hugeuka udongo wa mfinyanzi. Kwatzi yenyewe ni ngumu, haigeuki, ila ikikosa wenzake wa kushikana nao inadondoka na kuwa mchanga. Mchanga mwingi unaoukanyaga pale ufukweni ulikuwa graniti zamani.

Na kwa nini mawe yanakuwa ya mviringo wakati nyufa zilikuwa zimenyooka? Chukua kipande cha sabuni ya mche, kile ambacho mama amekata kwa kisu. Siku ya kwanza kina kona kali. Fulia siku tatu, angalia kona ziko wapi. Kona zinaliwa kwanza kwa sababu maji yanaishambulia kona kutoka pande tatu, ukingo kutoka pande mbili, na ubapa upande mmoja tu. Jiwe ardhini ni hivyo hivyo. Lilianza kama tofali, likaishia kama yai.

Halafu ndio sasa udongo laini unasombwa na mvua, unaenda bondeni na ziwani. Mayai yanabaki nje, moja juu ya jingine, kama yalivyokuwa chini. Mtoto wa chandimu anapita, anasema: majitu.

SHINGO INATOKA WAPI?

Nyufa hazipo kwa umbali sawa. Mahali zilipokaribiana maji yanapata njia nyingi, mwamba unaliwa haraka. Mahali zilipoachana, linabaki bonge. Kwa hiyo mwili wa mtu wa jiwe ulishapangwa na nyufa mapema: palipo na bonge patakuwa kichwa au kifua, palipo na ufa wa kulala patakuwa shingo.

Kitu kingine, angalia chini ya jiwe lolote kubwa, pale linapogusana na ardhi. Mara nyingi pameingia ndani, kama kidevu au kiuno. Pale unyevu unakaa muda mrefu kuliko juu, maana juu jua linakausha. Palipo na unyevu ndipo jiwe linaoza. Udongo ukishuka tena, ile sehemu iliyoingia ndani inabaki hewani, na wewe unaona mtu aliyevaa kofia pana.

Shuleni tuliambiwa kwamba jua la mchana na baridi ya usiku ndivyo vinavyopasua mawe. Kuna ukweli, ila siyo wote. Mwaka 1936 Mmarekani David Griggs alichukua graniti akaipasha moto na kuipoza, akaipasha na kuipoza, zaidi ya mara 89,000. Kwa hesabu ya siku ni kama miaka 244. Jiwe likiwa kavu halikuonyesha mabadiliko yoyote. Alipoanza kulipoza kwa maji, ndipo uso wa jiwe ulipoanza kuharibika. Kumbe jua bila maji halifiki mbali. Naomba ukumbuke hili la moto na maji, tutalirudia.

Ila siyo kila mtu wa jiwe amezaliwa hivi. Nenda Isimila, kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, ukiwa unaelekea Mbeya. Wengi wanapajua kwa zana za mawe za watu wa kale, zilizogunduliwa mwaka 1951. Mimi nilifika mara moja, na kilichoniacha mdomo wazi ni zile nguzo kwenye korongo. Ndefu, zimesimama kundi zima kama wazee waliotoka msikitini wakawa wanasubiriana. Pale hakuna graniti ya kuoza polepole. Ni tabaka za mchanga na udongo zilizojipanga zamani, maji yakakata korongo katikati. Palipokuwa na kipande kigumu juu, kile kikawa mwavuli, kilichokuwa chini yake kikasalimika. Pasipo na mwavuli, pakaondoka. Mwavuli ukianguka, nguzo nayo siku zake zinahesabika. Ndiyo maana ukifika pale usipande wala usiegemee.

MACHO NAYO YANACHONGA

Hapa kuna jambo lililonichukua muda kulikubali. Maji hayajui sura ya mtu. Maji hayakukusudia bibi. Kazi ya mwisho ya uchongaji inafanywa na macho yako.

Ubongo wa binadamu umezoea kutafuta sura. Mtoto mchanga anatafuta uso wa mama yake kabla hajajua kitu kingine. Ukipata vivuli viwili na mstari chini yake, tayari una macho na mdomo. Wataalamu wana jina lao, pareidolia, lakini wewe unaijua bila jina: umeona watu kwenye mawingu, umeona uso kwenye doa la ukuta umeme ulipokatika.

Ushahidi mzuri uko mbali sana, kwenye sayari ya Mars. Tarehe 25 Julai 1976 chombo cha Marekani kinachoitwa Viking 1 kilipiga picha ya kilima kule, na kilima kikaonekana uso wa mtu kabisa, macho, pua, mdomo. Wenyewe NASA walisema pale pale kwamba ni mchezo wa mwanga na kivuli, lakini dunia haikusikia. Watu wakaandika vitabu kwamba Mars kuna masanamu. Mwaka 2001 chombo kingine, Mars Global Surveyor, kikapiga picha safi zaidi. Kilima tu. Jua la 1976 lilikuwa chini, vivuli vikawa virefu, macho yakamalizia.

Bibi wetu alikuwa hivyo hivyo. Alionekana kutoka golini, asubuhi. Ukipanda juu ukamkalia kichwani, unakalia jiwe. Ukizunguka nyuma, jiwe. Jua la saa saba, jiwe.

Na kila jamii humalizia kwa macho yake. Vuka upande wa Kenya, kama kilomita 29 kutoka Kisumu kwenye njia ya Bondo, kuna Kit Mikayi, maana yake kwa Kijaluo ni jiwe la mke wa kwanza. Ni rundo la mawe makubwa yanayofika kama mita 40. Inasimuliwa kwamba mzee mmoja, Ngeso, alilipenda jiwe lile akawa anashinda pangoni kwake kila siku, na mke wake analazimika kumpelekea chakula. Akiulizwa mumeo yuko wapi, anajibu: kaenda kwa mke wake wa kwanza. Watu wa pale wanayasoma mawe yale kama mji kamili wa Kijaluo: Mikayi mke mkubwa, Nyachira wa pili, Reru wa tatu. Nenda tena Ilesi, jirani na Kakamega, utakuta Jiwe Linalolia. Kichwa kimeinama juu ya mabega, na maji yanatiririka usoni kama machozi. Maji yakifuata mkondo mmoja miaka na miaka huchimba mfereji na kuacha ukoga na rangi, kwa hiyo hata kukiwa kukavu alama ya machozi inaonekana.

Halafu rudi kwetu. Mgeni akifika Mwanza anapelekwa kupiga picha kwenye lile jiwe lililosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga. Linaitwaje? Bismarck. Otto von Bismarck, kansela wa Ujerumani, yule aliyewakaribisha wakubwa wa Ulaya Berlin mwaka 1884 hadi 1885 wakagawana bara letu. Huyu mzee hajawahi kukanyaga Mwanza wala Afrika. Sasa mimi namaliza kila pembe kulitazama lile jiwe, sioni kansela. Waliotawala waliona mkubwa wao, jina likabaki. Mjaluo kaona familia, Mjerumani kaona bosi, sisi tukaona bibi anapepeta mchele. Jiwe linakaa kimya, linapokea.

MZEE WA MAREKANI ALIYEANGUKA

Niliposoma habari za mawe haya nikakutana na mmoja aliyependwa kuliko wote. Kwenye jimbo la New Hampshire, Marekani, mlima unaoitwa Cannon, kulikuwa na Mzee wa Mlimani. Matabaka matano ya graniti, ukiyatazama kutoka upande, unaona paji la uso, pua, kidevu, vya mzee mkali anayetazama mbali. Urefu wa uso kama mita 12. Walimweka kwenye nembo ya jimbo, na mwaka 2000 akawekwa kwenye sarafu ya senti 25.

Walijua atakuja kuanguka. Kule kuna barafu, na maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9. Yakiwa ndani ya ufa yanausukuma, yakiyeyuka yanaingia ndani zaidi, yakiganda yanasukuma tena. Ni kama mtu anagonga kabari kila majira ya baridi. Kwa hiyo kuanzia 1916 wakamfunga kwa vyuma. Baadaye wakaongeza nondo, saruji na mfereji wa kugeuza maji. Familia moja, ya Nielsen, ikawa inapanda kumkagua na kumziba nyufa, baba akamrithisha mtoto kazi hiyo.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2003 akaporomoka. Asubuhi watu wakaangalia juu, hakuna uso. Walilia, wadau. Waliweka maua chini ya mlima kama msibani. Wengine walitaka achongwe upya, lakini hilo halikufanyika. Mwaka 2011 ilizinduliwa sehemu ya kumbukumbu ambapo wamesimamisha vyuma vyenye umbo fulani. Unasimama kwenye alama kulingana na urefu wako, unatazama mlimani kupitia chuma, na uso wa mzee unaonekana tena pale pale ulipokuwa.

Nilisoma hiyo habari nikakaa kimya kidogo. Wenzetu walitumia vyuma na saruji karibu miaka 90 kumshikilia wao. Wa kwetu tulimvunja wenyewe.

ALIYEMVUNJA BIBI

Aliyemvunja ni mama yangu.

Mwaka 2013 nilikuwa kidato cha tatu. Ada ya shule ya kata ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, mtu atasema ni hela ndogo. Ongeza michango, dawati, mlinzi, mtihani wa majaribio, daftari, viatu. Kuanzia 2016 serikali iliondoa ada kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, lakini mimi nilishapita. Nilirudishwa nyumbani mara mbili muhula mmoja. Mama alikuwa anauza dagaa, mtaji ukakatika. Ndipo akajiunga na akina mama waliokuwa wanagonga kokoto mlimani.

Kazi yenyewe iko hivi. Jioni unapanga magogo na tairi chakavu chini ya jiwe, unawasha. Jiwe linalala na moto. Ngozi ya nje inapata joto inatanuka, ndani bado baridi, basi ngozi inaachia. Usiku ukiwa umelala unasikia pa! pa! Alfajiri linamwagiwa maji, tabaka zima linabanduka kama ganda la kitunguu. Yale ya Griggs ya maabara, mama yangu alikuwa anayafanya bila kumjua Griggs. Halafu wenye nguvu wanaingia na mtaimbo na tindo kupata mabonge, na akina mama wanakaa chini ya turubai na nyundo ndogo. Unachukua pete ya mpira wa tairi, unalizungushia jiwe lisiruke likakutoboa jicho, unagonga. Ndoo moja moja mpaka lori lije.

Walianza na mawe ya pembeni, yakaisha. Wakafika kwa Bibi. Kichwa kilikuwa na upana wa kama mita 2. Ukipiga hesabu, graniti ina kama tani 2.7 kwa kila mita moja ya ujazo, kwa hiyo kile kichwa kilikuwa kama tani 11, uzito wa Hiace tano zimebebana. Mjomba na vijana wengine walichimba udongo upande wa chini, wakatoa jiwe dogo lililokuwa limekaa shingoni kama kabari. Kikaenda. Ardhi ilitetemeka mpaka sufuria za jirani zikalia. Tulishangilia. Ndiyo, na mimi nilishangilia.

Na magoti, hayo niliyavunja mimi. Jumamosi mbili. Nilitaka hela ya kalamu na kompasi.

Graniti ikiwa wazi hupungua mita chache tu kwa miaka milioni moja. Bibi mzima tulimmaliza kwa mwezi mmoja na nusu.

Simlaumu mama, na kama kuna mdau anataka kuandika hapo chini kwamba akina mama wa kokoto ni waharibifu wa mazingira, ajiulize kwanza nyumba anayolala ina msingi wa nini. Ila kuna mambo mawili nayajua sasa ambayo tungeyajua wakati ule yangetusaidia.

La kwanza ni usalama. Yale mawe yamekaa kwa sababu uzito wake umeangukia juu ya kikalio chake, na mara nyingi kikalio ni udongo kidogo na vijiwe vilivyobana. Ukichimba moramu chini ya jiwe ili upate kiwanja, au ukitoa kijiwe cha kabari, umeondoa kiti. Jiwe linaweza kukaa hivyo kiangazi kizima, halafu mvua kubwa ya usiku ikalowesha udongo likashuka lenyewe, na chini kuna nyumba. Siku ile ya kichwa cha Bibi kulikuwa na watoto wanacheza chini mita kama thelathini. Nikikumbuka mwili unasisimka.

La pili, siyo kila jiwe lina thamani sawa. Mlimani kwetu kulikuwa na mawe mamia yasiyofanana na mtu wala mnyama. Kokoto ya jiwe lisilo na sura ni ile ile na ya jiwe lenye sura, bei ile ile. Kit Mikayi watu wanalipa kiingilio kwenda kuiona, wengine wanakwenda kusali, na vijana wa pale wanapata riziki ya kutembeza wageni. Tungeweza kumruka Bibi tukaendelea mbele. Hakuna aliyesema. Mkubwa alimwona kokoto, mtoto alimwona bibi, na mtoto hakuulizwa. Mtoto mwenyewe alikuwa ameshika nyundo.

Kinachoniuma zaidi sina picha. Mwaka 2013 simu yangu ilikuwa ya tochi. Nimeuliza wenzangu wote wa chandimu, hakuna mwenye picha hata moja. Ndiyo maana naomba hivi: kama mtaani kwenu kuna jiwe lenye sura ya mtu, ya simba, ya kobe, ya chochote, lipige picha wiki hii. Lipige asubuhi na jioni, maana mmeshaona kivuli ndicho kinachochora. Andika ulisimama wapi, kwa sababu hatua kumi pembeni sura inapotea. Halafu muulize mzee wa pale linaitwaje na kwa nini. Weka jina na kisa chake hapo kwenye maoni ili na wengine tujue.

Juzi nilimuuliza mama kama anamkumbuka Bibi. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Namkumbuka. Si ndiye aliyekusomesha?"

Sikuwa na jibu. Jioni nikashuka kiwanjani. Goli la chini bado lipo, siku hizi lina nguzo za chuma. Nikasimama pale pale. Nyumba ya bati jipya, kamba ya nguo, na kajiti kameota mahali palipokuwa mgongo. Kadogo kalikuwa golini kakaniuliza, "Kaka, unaangalia nini?" Nikakaambia kuna bibi alikuwa amekaa pale. Kakaangalia sana, halafu kakasema, "Ee, kama namwona."

Nawasilisha. Maoni yenu hapo chini, na mawe yenu pia.